Kapita na Mlinzi: Juu ya Kuunganisha Programu ya Klasta na Programu ya Kufuatilia Mtandao

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu inayosimamia klasta ya kompyuta inavyounganishwa na ile inayofuatilia hali ya mtandao. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linamhusu nini mwanaisimu. Jibu letu ni kwamba ugumu mkubwa wa muungano huo hauko katika nyaya wala mashine, bali katika maana za maneno.

Klasta ni kundi la kompyuta zilizofungamanishwa ili zifanye kazi kama moja. Kila kompyuta katika kundi huitwa nodi. Ranger, klasta ya Chuo Kikuu cha Texas, ilikuwa na nodi 3,936. Ilipoondolewa kazini mwaka 2013, baadhi ya makabati yake yalitengwa kwa ajili ya Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Huko Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, ina klasta yake. Uchambuzi wa matini nyingi au wa sauti zilizorekodiwa, kwa mfano za Kiswahili cha Lubumbashi, nao waweza kufanywa kwa chombo cha namna hiyo.

2. Watumishi wawili

Neno kapita linajulikana sana Katanga tangu enzi za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Kapita ndiye aliyepanga watu na kuwagawia kazi. Programu ya Slurm, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002 katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, ni kapita wa klasta: hupokea kazi, huzipanga foleni na kuchagua nodi za kuzifanya.

Mtumishi wa pili ni mlinzi. Nagios, iliyotolewa na Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, huzunguka mtandaoni kila baada ya muda, huuliza hali ya kila mashine, na hupiga kengele ikiona hitilafu. Kapita hajui ayaonayo mlinzi. Mlinzi naye hajui maagizo ya kapita.

3. Penye kutoelewana

Tutazame hali tatu.

Ya kwanza ni neno "imekufa". Kwa Slurm, nodi imekufa ikiwa haikumjibu kapita katika muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 300. Nagios hutenganisha mambo mawili: mashine iliyokufa, na mashine isiyofikika kwa sababu swichi iliyo njiani imeharibika. Hivyo neno moja la kapita hubeba maneno mawili ya mlinzi. Swichi ikizimika, kapita huhesabu nodi zote zilizo nyuma yake kuwa zimekufa, na fundi hukimbilia nodi ambazo hazina kosa.

Ya pili ni nodi inayoondolewa kazini kwa utaratibu: humaliza kazi iliyo nayo, lakini haipewi nyingine. Mlinzi asiyearifiwa hupiga kengele fundi anapoizima. Kengele za bure zikirudiwa, masikio huzizoea, na siku ya hatari ya kweli hakuna anayeamka.

Ya tatu ni mbaya kuliko zote. Diski ya nodi imejaa. Mlinzi anatangaza hatari, lakini kapita anaiona nodi i hai, na huru. Anaipa kazi, kazi inashindwa mara moja, nodi inakuwa huru tena na kupewa nyingine. Nodi moja gonjwa yaweza kumeza foleni nzima usiku mmoja, na pamoja nayo kazi ya mtafiti aliyengoja zamu yake kwa majuma.

4. Namna ya kuunganisha

Milango ya muungano ipo. Slurm huweza kuendesha kila mara programu ndogo ya kupima afya ya nodi. Nagios huweza kutekeleza amri hali inapobadilika, na hukubali kuarifiwa kipindi ambacho kengele inyamazishwe. Lakini kabla ya kuifungua milango hiyo, mambo matatu yaamuliwe.

(a) Majina. Kila nodi iwe na jina moja kwa watumishi wote wawili.

(b) Maana. Iandikwe orodha inayolinganisha hali za upande mmoja na za upande wa pili. Pasipo na neno linalolingana, ielezwe la kufanya.

(c) Mamlaka. Mlinzi aruhusiwe kuiondoa nodi kazini, asiruhusiwe kuua kazi inayoendelea wala kuirudisha nodi. Kuirudisha ni uamuzi wa fundi. Tena, nodi nyingi zikidhoofika kwa pamoja, asiziondoe zote, kwani yaelekea chanzo ni swichi au umeme. Kwa mji kama wetu, uliozoea kukatikiwa na umeme, sharti hili lisisahauliwe.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba programu mbili zaweza kuwa na neno moja na zisielewane, sawasawa na wazungumzaji wa lahaja mbili. Orodha tuliyoitaja katika (b) ni kamusi ndogo, na utungaji wa kamusi ni kazi ya wanaisimu. Yafaa basi mafundi wa vyuo vyetu wawaite mezani mapema, kabla ya kengele ya kwanza kulia. Istilahi za kuanzia zimo vinywani mwa watu: kapita, mlinzi, foleni na zamu.