Saikosisi: Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta

Utangulizi

Neno "wazimu" lina nasaba moja na "mzimu". Haishangazi, basi, kwamba familia nyingi humpeleka mgonjwa kwa mganga au kwa maombi kabla ya kumfikisha kwa daktari. Muda huyoyoma. Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini muda huo una thamani kubwa, na jinsi jamii inavyoweza kuufupisha.

Saikosisi ni nini?

Saikosisi ni hali ambapo mtu hushindwa kutenganisha uhalisi na yale yaliyomo akilini mwake. Husikia sauti zisizosikiwa na wengine, au huamini kwa dhati kwamba anaandamwa na maadui. Aghalabu huanza mwishoni mwa ubalehe au katika miaka ya ishirini, ndio umri wetu wanachuo. Dalili za awali hujificha: kukosa usingizi, kujitenga, kuwashuku marafiki na kuzorota masomoni. Ni wepesi kumwita mwenye dalili hizo mvivu au mlevi.

Tiba ya mapema

Tafiti zimebainisha kwamba kadiri mgonjwa anavyokaa bila tiba, ndivyo matumaini ya nafuu kamili yanavyopungua. Kwa sababu hiyo, mwaka 1992, Patrick McGorry na wenzake walianzisha mjini Melbourne, Australia, kituo cha vijana waliopatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza. Huko, dawa za kiwango kidogo huandamana na ushauri nasaha, mafunzo kwa familia, na msaada wa kumrejesha kijana darasani au kazini. Mfano huo umeigwa katika nchi nyingi.

Nafasi ya jamii

Wala Afrika haikuwa nyuma. Mwaka 1954, Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Nigeria, alianzisha mpango wa vijiji huko Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa hawakufungiwa wodini. Walipangishwa katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja akiandamana na jamaa yake. Walipata matibabu hospitalini, kisha wakarudi kijijini kuishi na kufanya kazi miongoni mwa watu. Utu wao haukuvunjwa.

Hapa Kenya, Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, imebeba mzigo huu kwa muda mrefu. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kupeleka huduma hizi karibu na mwananchi.

Hitimisho

Hata hivyo, sheria haiwezi kuona kile anachokiona mwenzako wa chumbani. Yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba hulali, huli, na unazungumza na asiyekuwepo. Ndugu msomaji, ukimwona mwenzako katika hali hiyo, usimcheke wala usimfiche. Msikilize bila kubishana naye, ijulishe familia yake, na umsindikize kwenye zahanati au kwa mshauri wa chuo. Mficha maradhi, kifo humuumbua; nasi tusikubali kuwa washirika katika kuficha.