Ukihamia simu ya kisasa, majina ya watu unayapeleka wapi?

Hebu vuta ile droo ya chini kabisa hapo nyumbani, ile ya funguo zisizojulikana ni za mlango gani. Ikiwa baba au babu yako alifanya kazi ya ofisini miaka ya tisini, huenda ukakuta humo kijitabu cha elektroniki. Pengine ni Casio yenye vitufe vidogo kama punje za mtama. Enzi hizo mwenye nacho alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Ukimwomba nambari ya simu ya fulani, hakufungua daftari kama sisi wengine. Alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akakitoa, akakifungua taratibu ili wote waone, kisha akabofya na kubofya mpaka chai ikapoa.

Leo kazi hiyo na nyingine mia moja zinafanywa na simu ya kisasa, na wengi wetu tulihama bila hata kukumbuka ni lini. Lakini kuna jambo moja katika kuhama huko ambalo hatukulitazama vyema, na lililonifumbua macho mimi ni mkasa wa mjomba wangu kule Kianjai.

Kwa wasioifahamu, Kianjai iko Tigania Magharibi, katika Kaunti ya Meru. Ukitoka mjini Meru kwenda Maua utapita Nchiru, yaliko makao ya wazee wa Njuri Ncheke na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kisha uendelee mpaka ufike kwenye soko lenye pilikapilika. Mjomba alifundisha shule za msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Isitoshe, yeye ndiye mweka hazina wa chama cha kusaidiana kwenye misiba na karo, na kwa kazi hiyo anajulikana kuliko hata kwa ualimu wake.

Mnamo 2001 binamu yangu aliyekuwa masomoni Marekani alimletea zawadi ya Palm m100. Kifaa hiki hutoshea kiganjani. Kioo chake ni cha kijivu, na kifuniko chake kina kidirisha cha kutazamia saa bila kukifungua. Kumbukumbu yake ni megabaiti mbili tu. Picha moja ya simu ya leo aghalabu haiwezi kuenea humo, ilhali Mjomba alijaza majina zaidi ya mia mbili na themanini, siku za kuzaliwa za wajukuu, tarehe za kupanda maharagwe na madeni ya chama, na bado nafasi ikabaki.

Kuandika humo kulitaka mafunzo. Kifaa kilikuwa na hati yake maalumu iliyoitwa Graffiti, ambamo takriban kila herufi iliandikwa kwa mkwaju mmoja bila kuinua kalamu. Herufi A ilikuwa kama paa la nyumba lisilo na boriti. T ilikuwa mstari mmoja unaokwenda kulia kisha ukashuka. Mjomba aliijua hati hiyo kwa juma moja, na mpaka leo akiandika orodha ya kununua sukari na chumvi, A zake hazina boriti. Mkewe anasema mwenye duka alishazoea.

Kifaa cha aina hiyo hakikuanguka kutoka mbinguni. Waingereza wa kampuni ya Psion walikuwa wametoa chao mwaka wa 1984. Lakini aliyekipeleka kwenye mifuko ya mamilioni ni Mmarekani Jeff Hawkins, ambaye kabla ya kuunda chochote alichonga kipande cha ubao chenye ukubwa alioutaka, akawa anatembea nacho mfukoni. Akiwa mkutanoni alikitoa na kujifanya anaandika, ili ajue kama mtu angeweza kuishi na kitu kama hicho. Pilot ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka wa 1996. Kisha zikaja simu zilizomeza kila kitu: iPhone ya Apple mwaka wa 2007, na baadaye zile za Android. Kampuni ya HP iliinunua Palm mwaka wa 2010, na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa hivyo.

Nasi hapa Kenya tulikuwa na sababu zetu za kuhama. M-Pesa ilianza Machi 2007, na simu ikageuka kuwa pochi. Mwaka wa 2011 ikaja Huawei Ideos kwa bei ya karibu shilingi 8,000, na mwanafunzi aliyejinyima akaweza kuwa na intaneti mfukoni. Hata wahudumu wa afya wa mpango wa AMPATH wa Eldoret, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba magharibi mwa nchi na vifaa vya mkononi vya mtindo wa Palm, waliviacha wakachukua simu za Android.

Mjomba hakuhama. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea. Majina yalikaa kwenye Palm. Akitaka kumpigia mtu alisoma nambari huku na kuibofya kule.

Kilichomng'oa ni korona. Mikutano ilipopigwa marufuku mnamo Machi 2020, wanachama walifungua kundi la WhatsApp, na mweka hazina akajikuta ndiye pekee asiyejua kinachosemwa kuhusu hazina yake. Krismasi ya mwaka huo nilimpelekea simu ya kisasa. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliigeuzageuza, akaniuliza, "Mpwa wangu, na hii nayo betri zake zinauzwa hapa sokoni?"

Tuliyahamisha majina kwa mkono, jioni mbili mfululizo. Mjomba alisoma, nami nikachapa. (Ikiwa wewe uliwahi kuunganisha Palm yako na tarakilishi, kazi yako ni nyepesi. Programu ya Palm Desktop, kama bado iko kwenye tarakilishi hiyo kuukuu, inaweza kuyatoa majina yako katika faili ya vCard ambayo simu za leo zinaielewa. Mjomba hakuwahi kuwa na tarakilishi.) Nambari nyingine zilikuwa zimekufa zamani. Kulikuwa na za Nairobi zilizoanza na 02, kabla haijawa 020, na nambari ya sanduku la posta ya rafiki yake wa chuo cha ualimu aliyehamia Garissa. Kila jina lilikuja na hadithi yake, ndiyo maana jioni moja haikutosha.

Mnamo Agosti 2021 mjukuu wake alihitaji karo, na pesa za maharagwe zilikuwa hazijaingia. Kijana mmoja alimwonyesha programu ya mikopo kwenye simu. Hakuna mdhamini, hakuna fomu, unapata pesa kabla hujamaliza chai. Programu ilimwuliza maswali kadhaa, na kwa kila swali kulikuwa na kitufe cha kukubali. Mwalimu mzima, aliyewafundisha watoto wa watu kusoma swali mara mbili kabla ya kujibu, alikubali yote. Mojawapo ya maswali hayo, msomaji, lilikuwa la kuomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu.

Alichelewa kulipa kwa siku sita. Siku ya saba simu zilianza kulia huko Kianjai, Meru mjini, hata Garissa. Waliopigiwa ni wale niliowachapa kwa vidole vyangu mwenyewe. Waliambiwa kwamba mtu fulani amekopa na kukataa kulipa, na kwamba yeye amewataja wao. Hakuwa amemtaja yeyote. Mchungaji alipigiwa. Muuza mbolea akapigiwa. Mkwe wake, ambaye hata salamu kwake ni za kupimwa, alitumiwa ujumbe saa mbili usiku.

Hebu jiweke mahali pake. Deni lenyewe lilikuwa la shilingi elfu chache, na alilipa lote juma hilohilo. Lakini mweka hazina wa chama akisemekana ni mtoro wa madeni, ni nani atakayeuliza deni lilikuwa kiasi gani? Wanachama waliitisha mkutano. Alikwenda na vitabu vyote vya hesabu, na Palm yake mfukoni. Mwanachama mmoja alipodai kuwa mchango wake wa msiba wa 2009 haukuonekana kitabuni, Mjomba alikitoa kifaa, akakifungua, akausoma mchango huo pamoja na tarehe yake. Hesabu zilitimia mpaka shilingi ya mwisho. Walimwachia kazi yake. Hata hivyo, wanachama wawili walijiondoa na hawajarudi. Mkwe alisamehe, ingawa Mjomba anasema huo ni msamaha wa kikohozi: umetulia, lakini kifua bado kizito.

Nilijilaumu sana. Nilikuwa nimemhamishia majina kutoka nyumba yenye mlango mmoja hadi kwenye soko, bila kumwambia kwamba ni soko. Ile Palm haikuwa na laini wala intaneti. Aliyetaka kuyajua yaliyomo ilimbidi aje Kianjai, akitie mkononi, na kama mwenyewe alikuwa ameweka neno la siri, alijue. Simu ya kisasa hukaa wazi kwa dunia mchana na usiku. Kila programu unayoitia ni mgeni uliyemkaribisha sebuleni, na wengine huingia mpaka chumba cha kulala.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba yale majina hayakuwa ya Mjomba. Mchungaji hakukopa. Muuza mbolea hakubofya kitufe chochote. Walimpa nambari zao kwa kumwamini, kama unavyompa jirani ufunguo ukisafiri. Nawe msomaji, nambari yako iko kwenye simu za watu wangapi? Na wao wamebofya "kubali" mara ngapi?

Sheria haijalala, ingawa ilichelewa kuamka. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka wa 2019. Mnamo Machi 2022, miezi michache baada ya mkasa wa Mjomba, zilitolewa kanuni zinazoitaka kila kampuni ya mikopo ya kidijitali iwe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na zinazoikataza kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Tangu Mei 2023 Google nayo imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mteja. Ukitendewa alivyotendewa Mjomba unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na kwa Benki Kuu kama mwenye kukopesha hana leseni. Hifadhi ule ujumbe wa vitisho, usiufute kwa hasira, kwani ndio ushahidi wako.

Lakini sheria haitakubofyia kitufe cha "kataa". Usiku wa leo, kabla ya kulala, ingia kwenye mipangilio ya simu yako, tafuta sehemu ya ruhusa, utazame ni programu zipi zinazosoma majina. Utashangaa. Mimi nilikuta tochi. Tochi, jamani! Inataka majina ya watu ili imulike nini? Ondoa ruhusa hiyo, na kama programu itakataa kufanya kazi bila majina ya watu wako, basi imekuambia ilichokuja kufanya. Watazamie pia wazazi, na ufanye hivyo ukiwa umeketi nao, si kwa kuwanyang'anya simu na kuirudisha ukisema, "Tayari." Na usikimbilie kukitupa kifaa cha zamani kabla ya kuhakikisha kwamba ulichokihamisha kimefika chote, maana mchango ule wa 2009 haukuwa kwenye simu. Majina ndiyo tuliyoyahamisha. Maandishi ya hesabu tulisema tutayamalizia Pasaka, na Pasaka ikapita.

Mwezi uliopita nilikuwa Kianjai tena. Mjomba bado ana ile simu, na anaitumia kwa WhatsApp na M-Pesa. Wageni wachache wa karibu sana amewarudisha kwenye daftari la karatasi lenye jalada gumu. Palm iko kwenye kabati, chini ya vyeti vyake vya ualimu.

Nilidhani ameihifadhi kwa ajili ya hesabu, lakini siku hizo zilishapita, kwani vitabu vyote vimepigwa chapa upya. Nilimkuta mezani akibadilisha betri zake mbili nyembamba. Kwa kifaa hicho hili ni jambo la kufanywa upesi, kwa sababu kumbukumbu yake inategemea umeme wa betri, na ukizitoa bila kurudisha nyingine kwa muda wa dakika moja hivi, yote yaliyomo yanaweza kupotea. Alikuwa ameziweka mpya tayari kando ya kikombe.

Nikamwuliza kwa nini anaendelea kugharimika. Aliwasha kifaa, akateremsha orodha kwa ile kalamu ya plastiki, akanionyesha. Jioni zile mbili alipokuwa akinisomea majina, kuna yaliyokuwa ya waliokwisha kufariki, naye aliyaruka bila kuniambia. Yalikuwa arobaini na moja. La dada yake, yaani mama yangu, lilikuwamo, pamoja na nambari ya simu ya nyumba tuliyohama mwaka wa 2004.

"Hawa sikutaka waende huko," akasema, akifunga kifuniko.

Kisha akanituma dukani nikamletee betri nyingine mbili za akiba.