Waenda kwa miguu Rhotia nao wana haki ya njia

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za minyoo, maji ya kuchemsha na vyoo, tuzungumze juu ya tope. Kwa nini tope liingie kwenye ukurasa wa afya? Utaona mwenyewe.

Mwenye kuishi Rhotia au kupita kwenda Karatu anaujua udongo wetu mwekundu. Kiangazi ni vumbi linaloingia mpaka kwenye sufuria. Masika ni utelezi, na tope linaganda kwenye kiatu mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa jembe. Sasa mtoto wa darasa la pili anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sare imefuliwa, na mama amemwonya asije akaichafua. Mbele yake kuna njia mbili: kijinjia cha tope kando ya mtaro, au ukingo wa lami, mkavu na msafi. Atapita wapi? Hata mimi na wewe tungepita kwenye lami.

Huyo mtoto hakukosa adabu. Sisi wakubwa ndio hatukumtengenezea pa kupita.

Barabara hii ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro iliwekwa lami miaka ya mwanzo ya 2000 kwa msaada wa serikali ya Japani. Alhamdulillah, faida yake tunaiona. Mgonjwa anafika hospitali mapema, na mazao yanafika sokoni kabla hayajaoza. Lakini lami ilileta na mwendo. Magari ya watalii, mabasi, malori ya mazao na pikipiki vyote vinapita katikati ya makazi, mahali ambapo punda wa maji, mama mwenye kuni na mwanafunzi nao wanapita. Barabara hiyo hiyo, tarehe 6 Mei 2017, tuliiona huzuni ambayo nchi nzima haijaisahau, pale basi la wanafunzi kutoka Arusha lilipotumbukia korongoni hapa Rhotia wakafariki watu 35, wakiwemo wanafunzi 32. Ile ilikuwa ajali ya gari lenyewe, na wote waliofariki walikuwa ndani yake. Hawa wanaogongwa mmoja mmoja wakiwa kwa miguu hawatangazwi redioni. Sisi matabibu ndio tunaowapokea.

Nitakuelezea mmoja tu. Masika fulani aliletwa mtoto wa kiume kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya watu wazima wawili, mguu unaning'inia. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Nje hakukuwa na damu, kwa hiyo waliomleta walikuwa wanasema, "Ni mguu tu, daktari." Ndugu msomaji, paja likivunjika damu humwagika ndani ya nyama, kimya kimya, na kwa mtu mzima inaweza kuzidi lita moja. Kwa mtoto, hata chini ya hapo ni hatari kubwa. Yule alipona kwa uwezo wa Allah, lakini alikosa masomo muhula mzima, na baba yake aliuza ng'ombe.

Tufanye hesabu ndogo. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Mtoto anayevuka lami ya mita 7 kwa hatua zake atatumia kama sekunde 7. Maana yake, gari lililokuwa mita 150 nyuma wakati anaanza kuvuka litakuwa limemfikia kabla hajamaliza. Na mtoto mdogo hana uwezo wa kukadiria mwendo huo. Akili yake ya kupima umbali na kasi bado inakua, na kimo chake kinafichwa na gari lolote lililoegeshwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya kufa kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa huongezeka mara nne na nusu mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwenye makazi. Nani anakifuata pasipo tuta, unajua mwenyewe.

Katika dini yetu hili si jambo geni. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika matawi ya imani. Aliwakanya pia masahaba kukaa njiani, nao walipoeleza kuwa hawana budi, akawataka waipe njia haki yake, na ya kwanza kwetu hapa ni kuzuia udhia. Kuna na hadithi nyingine ambayo wengi hatuisikii kwenye darsa: kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, iachwe dhiraa saba, ambazo ni mita 3 na kitu. Wataalamu wa mipango miji wa leo wanajadili mambo haya haya. Nasi tunagombana na jirani kwa sababu ya ua wa michongoma uliosogezwa hatua mbili njiani.

Sasa, njia ya miguu inapangwaje? Nimewauliza mafundi na wasimamizi wa barabara, nawaletea nilichokielewa.

Kwanza ni kujua nani mwenye barabara. Barabara kuu hii iko chini ya TANROADS. Zile za kuingia vijijini, toka mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya lami. Kwa hiyo kijiji hakiwezi kuchimba wala kumwaga kifusi humo bila kibali cha Meneja wa TANROADS wa mkoa, hata kama nia ni njema. Nasisitiza kwa sababu nimeona wenye nia njema wakimwaga kifusi juu ya mtaro, mvua ilipokuja maji yakapanda kwenye lami, na hatari ikawa mbili.

Njia yenyewe ikae upande wa nje wa mtaro, sio kati ya mtaro na lami. Mtaro ukiwa katikati unakuwa kama ukuta, gari likiyumba halimfikii mtu upesi. Upana usipungue mita moja na nusu, ili mama mwenye mtoto mgongoni apishane na mwenzake mwenye baiskeli. Iinuliwe kidogo, na iwe na mwinamo ili maji yasitulie juu yake. Hili la maji ndilo roho ya kazi yote, kwa sababu njia ikiwa na madimbwi watu watarudi kwenye lami kesho yake na fedha zitakuwa zimepotea. Kila penye kuingia nyumba, duka au msikiti pawekwe kalavati au kipande cha zege cha kuvukia mtaro.

Msianze na kijiji kizima. Anzeni na shule. Simameni asubuhi siku tatu, mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji na mzazi mmoja, mhesabu watoto wanapita wapi na wanavukia wapi. Karatasi hiyo ina nguvu mbele ya mhandisi kuliko hotuba. Dar es Salaam shirika liitwalo Amend lilifanya hivyo hivyo kwenye shule za msingi. Waliangalia watoto wanaumia wapi, kisha wakajenga njia za miguu, matuta na vivuko. Tathmini ilionyesha majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo wa SARSAI ukapewa tuzo ya kimataifa. Si vitu vya ajabu walivyojenga. Ni zege, rangi na nguzo fupi.

Tuseme basi ni mita 400 kutoka njia panda hadi shuleni. Upana mita 1.5, unene wa changarawe iliyoshindiliwa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 90. Changarawe ikiwa haijashindiliwa inavimba, kwa hiyo agizeni kama 115. Kwa lori la mita za ujazo 5 ni safari 23. Bei ya safari moja mnaijua nyinyi mnaojenga nyumba. Kazi ya mikono ikigawanywa kwa kaya 80, kila kaya ina mita 5. Mita tano ni urefu wa chumba na ukumbi mdogo. Mashine ya kushindilia ndiyo ya kukodi.

Fedha zitoke wapi? Pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu. Jambo lisiloandikwa kwenye muhtasari wa mkutano huo halifiki kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, wala Halmashauri. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mipango huanza kuandaliwa miezi mingi kabla. Barua ya mwezi Mei imechelewa. Matuta, alama za pundamilia na vibao kwenye lami ombeni TANROADS, maana hiyo ni kazi yao, na matengenezo hugharamiwa na Mfuko wa Barabara ambao sote tunauchangia kwenye lita ya mafuta. Kwa vifaa kuna Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Na wenye mahoteli na kampuni za utalii ambao magari yao yanapita hapa kila siku waombwe, kwa barua yenye mhuri wa kijiji na orodha ya vitu. Mimi ningependa watoe changarawe na saruji badala ya fedha taslimu. Mnaelewa kwa nini.

Waislamu Rhotia ni wachache, na wengi wa majirani zetu ni Wakristo. Hili lisifanywe jambo la msikiti peke yake. Kamati ya msikiti ikae na wazee wa kanisa, mtoto anayegongwa haulizwi dini. Kwa michango yetu ya ndani, watu huniuliza kama zaka inaweza kutumika. Zaka ina wenyewe wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba, na wanazuoni wengi hawaoni barabara kuwa miongoni mwao. Kwa hiyo toeni sadaka. Njia inayopitika miaka mingi inatarajiwa kuwa sadaka yenye kuendelea.

Nasi pia tujitazame. Siku ya Ijumaa baiskeli, pikipiki na magari yetu huziba kando ya barabara mbele ya msikiti, akina mama na watoto wanazunguka kwa kuingia kwenye lami. Imamu alisemee hili kabla ya khutba ya kwanza, si baada ya ajali. Na kwenda Isha, Alfajiri na tarawehe gizani, kanzu nyeupe inaonekana lakini buibui jeusi halionekani kabisa na dereva. Shika tochi, au jitande kanga nyeupe begani. Tembea upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokuja.

Mpaka njia ijengwe, shika haya machache. Mtu akigongwa, kwanza simamisheni magari. Damu inayotoka igandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimkalishe wala kumnyanyua kwa mikono, huenda shingo au mgongo umeumia. Mguu uliovunjika ufungwe kwa kanga pamoja na ubao, au na mguu mzima wa pili, kabla ya kumhamisha. Mlaze kwenye ubao mpana au mlango, apelekwe kwa gari la wazi nyuma hata kama mtasubiri dakika kumi. Usimpe maji wala chai, kwa sababu huenda akahitaji kupasuliwa. Na ukifika, mweleze tabibu ajali ilitokea saa ngapi.