London kwa Treni ya Chini ya Ardhi

Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Heathrow hukuta teksi, mabasi na treni za kila aina zikimngoja. Akitaka kuiona London kwa gharama nafuu, na kuiona kama wanavyoiishi wenyeji, apande treni ile ile inayowapeleka watu kazini kila asubuhi: treni ya chini ya ardhi, ambayo wakazi wa mji huiita Tube. Ina njia 11, stesheni 272 na reli ya urefu wa kilomita 402 hivi. Licha ya sifa yake, zaidi ya nusu ya reli hiyo imepita juu ya ardhi, hasa nje ya kitovu cha mji.

Wageni wengi huiogopa siku ya kwanza. Ramani ni msokoto wa rangi, ngazi hazina mwisho, na treni mbili za njia moja zinaweza kwenda kusiko sawa. Hofu hiyo ina dawa. Mtandao huu ulijengwa vipande vipande na kampuni zilizokuwa zikishindana, na karibu kila kinachomtatiza mgeni leo chanzo chake ni ushindani huo. Anayejua sababu hapotei ovyo. Ndiyo maana maelezo haya yataunganisha mambo mawili, namna ya kusafiri na asili ya reli yenyewe.

Mashimo ya aina mbili

Reli ya kwanza ya abiria duniani kupita chini ya ardhi ilifunguliwa hapa tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, mwendo wa kilomita sita hivi. Barabara za London wakati huo zilikuwa zimesongwa na magari ya farasi, na treni kutoka mikoani ziliishia pembezoni mwa mji. Kampuni ya Metropolitan ikachimba mtaro mrefu, ikalaza reli ndani yake, ikajenga paa la matofali na kuirudisha barabara juu yake. Treni zilivutwa na injini za mvuke, mabehewa ya mbao yakiangazwa kwa taa za gesi. Moshi ulikuwa mzito, lakini watu walizijaza treni hizo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1890 ukaja mtindo mwingine. Wahandisi walichimba kwenda chini sana, wakatoboa udongo wa mfinyanzi kwa mahandaki ya duara na kupitisha treni za umeme. Ili kupunguza gharama, mahandaki yalifanywa membamba, na treni zikalazimika kuwa ndogo, mapaa yake yakijikunja kufuata duara la shimo.

Tofauti hiyo mgeni huihisi mwilini. Njia za Metropolitan, District, Circle na Hammersmith & City ziko karibu na uso wa ardhi, na treni zake ni pana na zina viyoyozi. Central, Bakerloo, Northern na nyingine za kina kirefu zina treni nyembamba ambamo mtu mrefu akisimama mlangoni huinamisha kichwa. Joto lake wakati wa kiangazi ni kali, kwa sababu udongo unaoyazunguka mahandaki umefyonza joto la treni kwa zaidi ya miaka mia moja na sasa hauwezi kulipokea kama zamani. Ukisafiri Julai au Agosti, beba maji.

Utasikia pia tangazo linaloonya abiria waangalie mwanya kati ya behewa na jukwaa. Limekuwapo tangu mwisho wa miaka ya 1960, na halisemwi kwa mazoea tu. Wachimbaji wa zamani walifuata barabara zilizokuwa juu yao ili wasiwalipe fidia wenye majumba. Barabara zilipopinda, reli nazo zilipinda, na baadhi ya majukwaa yakapinda pia. Behewa lililonyooka likisimama kwenye jukwaa lililopinda huacha pengo. Katika stesheni ya Bank, njia ya Central, pengo hilo ni kubwa kiasi cha kumeza mguu wa mtoto. Mshike mkono.

Ramani isiyopima umbali

Mwaka 1931 Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, alitambua kwamba abiria aliye chini ya ardhi hahitaji kujua mto umepinda wapi. Anachotaka kujua ni stesheni ipi inafuata na wapi abadilishe treni. Akachora njia zote kwa mistari iliyonyooka, kama saketi ya umeme, kila njia na rangi yake. Ramani ilitolewa kwa umma mwaka 1933, mwaka ule ule kampuni nyingi za usafiri za London zilipowekwa chini ya mamlaka moja. Miji mingi duniani imeuiga mtindo huo.

Isome kwa tahadhari, maana haionyeshi umbali. Kati ya Leicester Square na Covent Garden treni huenda chini ya dakika moja, na mtu anayeshuka ngazi, kungoja na kupanda tena hutumia muda mrefu kuliko aliyetembea kwa miguu. Upande wa pili, stesheni mbili zilizokaribiana kwenye ramani huko pembezoni zinaweza kuachana kilomita kadhaa. Katikati ya mji, linganisha ramani ya treni na ramani ya barabara kabla ya kulipa nauli.

Ili usipotee, shika mambo matatu: jina la njia, upande inakoelekea na stesheni ya mwisho. Vibao huandika kaskazini, kusini, mashariki au magharibi, na kioo cha jukwaani huonyesha mwisho wa safari ya treni inayokuja. Njia ya Northern, yenye rangi nyeusi, ndiyo inayowachanganya wengi. Iliunganishwa miaka ya 1920 kutokana na reli mbili za kampuni tofauti, na mpaka leo hugawanyika Camden Town na kukutana tena Kennington. Tawi moja hupitia Bank, jingine Charing Cross. Njia ya Circle nayo, licha ya jina lake, tangu mwaka 2009 haizunguki mduara kamili.

Ukitazama ramani utaona pia kwamba kusini mwa Mto Thames stesheni ni chache. Kampuni za reli za juu zilikuwa zimeshaeneza treni zao huko, na udongo wa kaskazini ulichimbika kwa urahisi zaidi. Ukipata hoteli ya bei nafuu kusini, usiiache kwa sababu hiyo tu. Angalia kama iko karibu na stesheni ya treni ya kawaida, kwani sehemu kubwa ya treni hizo hupokea malipo ya kadi ile ile ya Tube.

Kadi na nauli

Tiketi ya karatasi ya safari moja ni ghali mno, iepuke. Kuna kadi ya Oyster, iliyoanza mwaka 2003, ambayo hutiwa fedha kabla ya safari, na kuna kadi ya benki ya kugusisha, iliyokubaliwa kwenye treni hizi tangu 2014. Kadi ya Visa au Mastercard iliyotolewa nyumbani hufanya kazi mradi ina uwezo huo, ila iulize benki yako makato ya kubadili fedha kabla hujaondoka.

Gusisha kadi getini unapoingia, na uigusishe tena unapotoka, hata pale ambapo geti liko wazi. Asiyegusisha wakati wa kutoka hutozwa nauli ya juu kabisa, kwa sababu mtambo haujui alikoshukia. Kila msafiri awe na kadi yake. Ukianza siku kwa kadi, usimalizie kwa simu hata kama akaunti ni moja, kwani mtambo huvihesabu kama wasafiri wawili. Watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure na mtu mzima anayelipa, wasizidi wanne.

Mji umegawanywa katika kanda kuanzia katikati kwenda nje, na sehemu kubwa ya vivutio iko kanda ya kwanza. Nauli hupanda siku za kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, na tena kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku. Kuna pia kikomo cha kila siku: makato yakifika hapo, safari zinazobaki katika kanda hizo ni bure.

Njia moja, vivutio vingi

Mwenye siku chache aanze na njia ya Piccadilly, ya rangi ya buluu iliyoiva. Inatoka Heathrow yenyewe na kufika katikati ya mji kwa muda usiofika saa moja. Njia mpya ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, ni ya haraka zaidi na ina mabehewa makubwa yenye kiyoyozi, lakini kutoka uwanja wa ndege nauli yake ni kubwa zaidi.

Vivutio vya London vimepangwa kwenye Piccadilly kama shanga kwenye uzi. South Kensington kuna makumbusho matatu makubwa, la historia ya viumbe, la sayansi na la sanaa la Victoria na Albert, yote ya kuingia bila malipo. Green Park ni mwendo mfupi kwa miguu hadi kasri la Buckingham. Leicester Square ni mlango wa majumba ya tamthilia. Holborn ni karibu na British Museum.

Stesheni inayofuata, Russell Square, ina maana ya pekee kwa msomaji wa Kiswahili. Hatua chache kutoka hapo kipo chuo cha SOAS, ambako lugha yetu imefundishwa kwa miaka mingi, na maktaba yake imehifadhi miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na washairi wa pwani yetu. Stesheni yenyewe ni ya kutazamwa: ukuta wa nje umefunikwa vigae vyekundu vya rangi ya damu. Ni kazi ya msanifu Leslie Green, aliyechora stesheni za reli alizozigharimia tajiri wa Kimarekani Charles Yerkes. Yerkes alifariki Desemba 1905 na hakuwahi kupanda njia hiyo, iliyofunguliwa mwaka uliofuata.

Ukiendelea kaskazini, ukapita King's Cross, utafika stesheni ya Arsenal. Ilikuwa ikiitwa Gillespie Road mpaka mwaka 1932, klabu iliposhawishi ibadilishwe jina. Mashabiki kutoka kwetu hupiga picha hapo kwa furaha, na wana haki. Wa Chelsea washuke Fulham Broadway, kwenye njia ya District.

Adabu za ndani

Kwenye ngazi za umeme, simama kulia. Kushoto ni kwa wenye haraka. Waache wanaoshuka washuke kwanza, ndipo uingie. Viti vya karibu na milango ni vya wazee, wagonjwa na wajawazito. Baadhi ya wajawazito huvaa beji ya kuwatambulisha, ukiiona, inuka. Sigara na pombe ni marufuku.

Ukimya utakushangaza. Behewa lenye watu mia moja linaweza kwenda stesheni tano bila neno. Kwetu kukaa bega kwa bega na mtu bila salamu ni utovu wa adabu. Hapa, kumwacha mtu na utulivu wake ndiyo adabu. Usiuchukulie kuwa ni dharau. Ukihitaji msaada, muulize mfanyakazi wa stesheni au abiria yeyote, na mara nyingi utajibiwa kwa upole.

Wafanyakazi hao wana historia yao. Mwaka 1956 mamlaka ya usafiri ya London ilianza kuajiri watu moja kwa moja kutoka Barbados, na mji huu umeendeshwa tangu hapo na mikono ya watu wa nchi nyingi. Majukwaa nayo yana kumbukumbu. Ndege za Ujerumani zilipoipiga London kwa mabomu mwaka 1940, wakubwa hawakutaka watu walale stesheni. Watu walinunua tiketi, wakashuka, wakakataa kutoka. Serikali ikakubali, na vitanda na vyoo vikaletwa. Moto wa King's Cross mwaka 1987 uliua watu 31 na kuharakisha kuondolewa kwa ngazi za mbao. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu katika treni tatu na basi moja yaliua watu 52. Begi lisilo na mwenyewe halipuuzwi hapa. Ukiliona, toa taarifa.

Pale treni isipofaa

Ni takriban theluthi moja tu ya stesheni ambazo mtu wa kiti cha magurudumu, au mzazi mwenye kigari cha mtoto, anaweza kufika jukwaani bila kupanda ngazi. Ramani huzionyesha kwa alama ya kiti hicho. Panga safari kwa kuzifuata, au tumia mabasi, ambayo ni rahisi kupanda na yenye nauli ndogo. Treni nyingi huanza alfajiri na kukoma kama saa sita usiku. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi baadhi ya njia hufanya kazi hadi asubuhi. Mwishoni mwa wiki vipande vya reli hufungwa kwa matengenezo, hivyo angalia matangazo kabla ya kutoka.

Ukibakiwa na nusu siku, panda njia ya Metropolitan kutoka Baker Street hadi mwisho wake Amersham. Treni itatoka gizani, ipite nyumba zilizojipanga safu kwa safu, kisha mashamba na misitu. Mitaa mingi utakayoiona njiani ilikuwa malisho kabla reli haijafika. Kampuni ya Metropolitan ilijenga reli kwanza, kisha ikajenga na kuuza nyumba kando yake, nao wakazi wakawa abiria wake. Hapo utaelewa kwamba London haikujengewa reli baada ya kukua. Kwa sehemu kubwa, ilikua kwa kuifuata reli.