Kingamwili Iliyoponya Ebola na Ndugu Zake Wasumbufu

Agosti 13, 2019, mama mmoja na mtoto wake mdogo waliruhusiwa kutoka kituo cha matibabu ya Ebola mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wamepona. Siku moja kabla, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, alikuwa ametangaza kwamba Ebola isiitwe tena ugonjwa usio na tiba.

Ushahidi ulikuwa umepatikana humohumo Kivu Kaskazini. Tangu Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipangiwa kwa kura moja ya dawa nne, huku milio ya risasi ikisikika na vituo vingine vikivamiwa na kuchomwa moto. Dawa mbili ziliziacha nyingine mbali. Kati ya waliopewa ZMapp, mojawapo ya zilizoachwa, karibu nusu walifariki. Kwa mAb114 walifariki 35 katika kila 100, na kwa REGN-EB3 kama 34. Waliowahi kufika, virusi bado havijajaa damuni, walipona takribani tisa katika kila kumi. Dawa hizo mbili ni kingamwili.

Asili ya mAb114 ni Mkongo wa Kikwit. Ebola ilipoupiga mji huo mwaka 1995, Muyembe aliwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona, na saba kati yao wakaishi. Wataalamu wengi wa nje walitilia shaka: wanane ni wachache mno, na pengine wangepona hata bila damu hiyo. Shaka hiyo haikuwa ya kijinga, lakini wazo halikufa. Mwaka 2006, miaka 11 baadaye, mtu aliyenusurika Kikwit alitolewa damu, na ndani yake bado mlikuwa na seli zinazoikumbuka Ebola. Watafiti, Mkongo Sabue Mulangu akiwa mmoja wao, walichambua kingamwili zake moja moja hadi wakaipata iliyo kali. Desemba 2020 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la ansuvimab. Mgonjwa hutundikiwa dripu mara moja tu, kwa muda wa saa moja hivi.

Kingamwili yenyewe ni protini yenye umbo la panda ya manati. Ncha zake mbili za juu hunasa kitu kimoja tu. Mkia wake huita seli nyingine zije kumaliza kazi. Ansuvimab hunasa pale ambapo kirusi cha Ebola hupatumia kuingia ndani ya seli zetu, kikabaki bila la kufanya. Mwili una uwezo wa kutengeneza mabilioni ya aina za ncha hizo, karibu kwa kubahatisha, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Katika kubahatisha huko, nyingine hutokea zikinasa mwili wenyewe.

Kwa kawaida hizo hudhibitiwa. Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha mwaka 1995, mwaka uleule wa Kikwit, kwamba kuna seli maalumu zinazoituliza kinga isijirukie. Yeye na wenzake wawili wakapata Nobeli mwaka 2025. Udhibiti ukilegea, magonjwa huanza. Katika lupasi, kingamwili huandama hata DNA ya mgonjwa. Katika baridi yabisi, vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa hata zaidi ya saa nzima. Ndiyo dalili ya kumtofautisha mgonjwa huyu na mzee ambaye magoti yake yamechakaa tu.

Si kila uvimbe hutokana na kinga kujirukia; walionusurika Ebola nao wana la kusimulia. Daktari Mmarekani Ian Crozier, aliyeambukizwa Sierra Leone mwaka 2014, alipona, kisha jicho lake la kushoto likawaka uvimbe kwa ndani na rangi yake ikageuka kutoka buluu kuwa kijani. Kirusi kilikuwa kimejificha humo. Ndiyo maana walionusurika Beni na Butembo walihitaji kuendelea kupimwa macho.

Jambo linalofurahisha ni kwamba kingamwili hutibu pia madhara ya ndugu zake. Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross, London, Ravinder Maini na Marc Feldmann waliwapa wagonjwa wa baridi yabisi kingamwili inayonasa TNF, protini inayochochea uvimbe. Maumivu yalipungua kwa kasi ambayo vidonge vya zamani havikuwahi kuleta. Kutoka hapo zikaja dawa kama adalimumab, mojawapo ya dawa zilizouzwa kuliko zote duniani.

Huko Erlangen, Ujerumani, timu ya Georg Schett imekwenda mbali zaidi: huchukua seli za kinga za mgonjwa, huzibadilisha maabara, kisha huzirudisha zikafute seli B, ambazo huzaa seli zinazotengeneza kingamwili. Ripoti yao ya mwaka 2024 ilihusu wagonjwa 15 wa lupasi na magonjwa mengine ya kinga kujirukia. Wote waliacha dawa za kutuliza kinga, na seli B mpya zilipoota tena, lupasi ya waliokuwa nayo haikurudi katika kipindi walichofuatiliwa.

Kwa Goma, hiyo ya Erlangen ni ya wenye maabara na fedha. Iliyo karibu kufikika ni adalimumab, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na ambayo sasa ina nakala za bei nafuu. Bado inahitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8, katika mji ambao umeme hauaminiki. Tena TNF hiyohiyo ndiyo inayofungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni; ukiizima, huamka. Mgonjwa wa baridi yabisi Goma, kabla ya sindano ya kwanza, angepaswa kupimwa kifua kikuu.