Wacheza Kandanda Wetu wa Zamani Waandikwe

Ni miji michache katika mwambao wa Afrika Mashariki iliyouzoea mpira wa miguu mapema kama mji wa Unguja. Mchezo huo ulifika kwetu mwishoni mwa karne ya 19, ukiletwa na walimu wa misheni ya UMCA katika skuli ya Kiungani pamoja na Waingereza waliofanya kazi katika kampuni ya simu ya Eastern Telegraph. Haukukaa sana mikononi mwa wageni. Vijana wa Ng'ambo waliudaka, wakaucheza pekupeku, na kabla ya Vita Kuu ya Pili uwanja wa Mnazi Mmoja, ulio baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ulikuwa umekwisha kuwa mahali ambapo watu wa kila kabila na kila tabaka walisimama ukingoni kutazama. Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, naye alikuwa mtu wa kandanda katika ujana wake.

Hata hivyo, kijana wa leo akiulizwa awataje wachezaji kumi walioutikisa uwanja huo kabla ya mwaka 1964, hatawapata. Atawataja wa Uingereza na wa Hispania bila ya kusita. Si kosa lake, kwani hapana kitabu alichopewa asome, wala ubao uliotundikwa ukutani. Majina hayo yamo vifuani mwa wazee wachache, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Kila anayezikwa huzikwa na timu nzima.

Yafaa tujiulize kwa nini imekuwa hivi, maana Zanzibar haijapungukiwa na wachezaji hodari.

Sababu ya kwanza ni kwamba tumeiachia kazi ya kukumbuka ifanywe na vikombe. Kombe la Gossage lilianza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940. Hadi kombe hilo lilipofikia mwisho wake mwaka 1966, Zanzibar haikuwahi kulitwaa hata mara moja. Basi vijana wa visiwa viwili vidogo, waliosimama imara mbele ya nchi kubwa zilizowazidi mara nyingi kwa idadi ya watu, wamefutika kwa sababu tu hawakurudi na fedha mkononi. Kipimo hicho si cha haki. Mlinda mlango aliyeokoa mipira kumi akafungwa mmoja hakuwa mchezaji mbaya kwa kuwa ubao uliandika bao moja kwa bila.

Tena hata tuliposhinda, tuliliandika jina la klabu tukawasahau watu. Malindi iliunyakua ubingwa wa Muungano mwaka 1989 na tena mwaka 1992, ikizipita timu kubwa za Bara. Mwaka 1995, katika ardhi ya Uganda, timu ya Zanzibar iliifunga Uganda B bao 1-0 na kulitwaa Kombe la CECAFA kwa mara ya kwanza. Hiyo ni habari ya juzi, na wengi walioishuhudia wangali hai. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kuwataja wote 11 waliovaa jezi siku ile?

Sababu ya pili ni ya mpangilio wa mambo ya mpira duniani. Mchezaji wa Zanzibar huishi katika jezi mbili. Katika mashindano ya CECAFA huichezea Zanzibar. Katika Kombe la Dunia na Kombe la Mataifa ya Afrika huitwa katika timu ya Tanzania. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na kwa hiyo aliyoyafanya akiwa na jezi ya visiwani hayapati ukurasa katika vitabu vya Shirikisho hilo. Mwezi Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55, na mwezi Julai mwaka huo huo ikaufuta uanachama huo. Mwezi Disemba vijana wetu wakaenda Kenya chini ya mwalimu Hemed Suleiman, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda katika nusu fainali kwa mabao 2-1, na katika fainali ya Machakos wakatoka sare ya 2-2 na wenyeji kabla ya kushindwa kwa penalti 3-2. Khamis Musa Makame ndiye aliyesawazisha mara mbili siku ile. Ingekuwa nchi nyingine, jina lake lingekuwa limekwisha kuchorwa ukutani.

Hatusemi haya ili kufungua mjadala wa uanachama. Huo una mahali pake na wenyewe wa kuuzungumza. Tunasema tu kwamba anayengojea FIFA imwandikie historia ya nyumbani kwake atangoja sana.

Sababu ya tatu huenda ikaonekana ndogo, lakini mtafiti yeyote ataitambua. Ni desturi yetu kumpa mchezaji jina la uwanjani. Nadir Haroub, beki wa visiwani aliyekuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, wengi wanamjua kwa jina la Cannavaro, ambalo ni la aliyekuwa nahodha wa Italia. Abdi Kassim ni Babi. Hemed Suleiman ni Morocco, na Ibrahim Abdulla ni Bacca. Lakabu hizi zina utamu wake, na hatutaki ziachwe. Lakini mtu mmoja akiandikwa gazetini kwa lakabu, katika daftari la klabu kwa jina lake na la baba yake, na kazini kwa jina la babu, baada ya miaka 50 atakuwa watu watatu, na pengine asiwe mtu yeyote.

Na tukiwataja waliosahauliwa tusiwaache wanawake. Wasichana wa timu ya Women Fighters walicheza mpira visiwani humu wakati wengi walipokuwa wakiona jambo hilo halifai, na wakavumilia maneno ya mitaani na ya majumbani. Habari zao zimehifadhiwa katika filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007. Aliyeitengeneza ni Florence Ayisi, mzaliwa wa Kameruni anayefanya kazi Wales. Tunamshukuru kwa dhati. Lakini ni fedheha kidogo kwamba mgeni alitoka mbali akayaona yaliyokuwa mlangoni petu.

Wenzetu wa Australia wana mpira wao wenyewe, wa duara refu kama yai, unaochezwa na watu 18 kila upande, na ambao kanuni zake ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Mchezo huo hauna Kombe la Dunia la kuutangaza. Hata hivyo, mwaka 1996 waliunda orodha rasmi ya watukufu wa mchezo huo, na tangu hapo kamati yao hukaa na kurudi nyuma katika madaftari kuwatafuta hodari wa zamani waliopitwa. Hawakungoja ruhusa ya mtu. Waliuthamini mchezo wao kwanza, na dunia ikaelewa kuwa una thamani.

Sisi nasi tunaweza. Tunapendekeza Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar, likishirikiana na Baraza la Taifa la Michezo, lifungue daftari la wachezaji wa Unguja na Pemba. Kila aliyeichezea timu ya Zanzibar, na kila aliyeng'ara katika klabu yake, aandikwe majina yake matatu, lakabu yake, mtaa wake, nafasi aliyocheza na miaka yake uwanjani. Masheha wanawajua wazee wao. Waombwe waorodheshe walio hai katika shehia zao. Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani zina magazeti ya zamani ya kupekuliwa. ZBC nayo itazame kilichosalia katika kanda za redio na televisheni. Walimu wa skuli wawatume wanafunzi kwa mababu zao na daftari mkononi, maana kazi hii haihitaji mtaalamu wa kigeni wala bajeti ya kutisha.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni upendeleo wa klabu. Daftari likiwa la Malindi tu au la Mlandege tu, litakuwa limezaliwa maiti. La pili ni zito zaidi. Baada ya mwaka 1964 baadhi ya wachezaji waliondoka visiwani, wengine kwenda Dar es Salaam, wengine Maskati, Dubai au London. Hao nao waandikwe. Bao lililofungwa Mnazi Mmoja ni la Mnazi Mmoja, popote alipofia mfungaji, na daftari la mpira halina haja ya kumwuliza mtu alikuwa wa chama gani.

Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, umejengwa upya na unapendeza. Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimekabidhiwa kwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Wageni watakaopita visiwani watataka kujua ni nani waliocheza hapa zamani. Ukuta mmoja wa Amaan watosha kuwajibu, ukiwa na majina yaliyohakikishwa. Viongozi wanaohusika waianze kazi hii mwaka huu, wangali wapo wazee wa kuulizwa.