Wabajuni: Watu wa Visiwa, Upepo na Kamba

Ukiuliza kwenye mkutano wowote wa chama chetu Wabajuni ni akina nani, wengine watakujibu, "Si Wasomali wale?" na wengine watasema, "Hao ni Wakenya wa Lamu." Wote wamepata nusu ya jibu. Nimeona niandike habari zao kidogo, maana hapa Ladywood ninapoishi hili si suala la udadisi tu. Kuna watu Uingereza hii ambao kubaki kwao au kurudishwa kumetegemea jibu la swali hilohilo.

NI AKINA NANI?

Wabajuni ni miongoni mwa Waswahili wa kaskazini. Ukanda wao unaanzia Kismayu, unashuka kwenye visiwa vya Somalia kama Koyama, Chovai, Chula na Ngumi, unavuka mpaka na kufika Kiunga, Kiwayu, Ndau, na upande wa mashariki wa kisiwa cha Pate: Faza, Kizingitini, Mbwajumwali na Tchundwa. Mpaka uliwakuta hapo. Wao wenyewe husimulia kwamba ni koo 18. Ni Waislamu, na lugha yao ni Kibajuni, ambacho pia huitwa Kitikuu, lahaja ya Kiswahili.

Sisi tuliosoma Kiswahili sanifu tukimsikia Mbajuni halisi tunababaika. Sisi twasema "mtu", yeye asema "nchu". Sisi "tatu", yeye "chachu". "Moja" yetu kwake ni "moya". Hapo hajakosea hata kidogo, ndiyo kanuni ya lahaja yake. Naomba mlikumbuke hili, tutalirudia.

BAHARI NDIYO SHAMBA

Maisha ya jadi ya Mbajuni yanakwenda na pepo mbili. Kaskazi inavuma kama kuanzia Desemba hadi Machi, na hapo bahari inaingilika vizuri. Kusi inafuata, na katikati yake, Juni mpaka Agosti, mawimbi ya nje ya miamba si mchezo. Basi watu huvua ndani ya miamba, hutega malema, hushona nyavu, au hushughulikia mashamba. Wengi walikuwa na mashamba bara, ng'ambo ya visiwa, mpaka vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilipowafukuza upande wa Kenya wakarudi kubanana visiwani.

Ufundi wao mmoja umewashangaza wataalamu wengi: kumvua kasa kwa kutumia samaki. Kuna samaki aitwaye chazo, mwenye kibandiko juu ya kichwa, ambaye hupenda kujigandisha kwa wakubwa wa baharini. Mvuvi humfunga chazo kamba mkiani, akiona kasa humwachia. Chazo akishamganda kasa, mvuvi anavuta taratibu. Yaani ndoano hai! Siku hizi kasa analindwa na sheria za Kenya, na tangu mwaka 1979 eneo la Kiunga ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo ufundi huu umebaki zaidi katika masimulizi. Bado samaki na kamba wa baharini ndio uchumi wa vijiji kama Kizingitini.

CHOMBO KILICHOSHONWA

Hapa mhandisi niruhusiwe kupumua kidogo. Chombo kilicholipa jina eneo la Wabajuni na majirani zao wa Lamu ni mtepe. Mbao zake zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja wa chuma. Tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kwa miyaa kama mkeka. Vyombo vya kushonwa katika pwani yetu vimetajwa na mwandishi wa Kigiriki tangu karne ya kwanza, kwa hiyo ni teknolojia iliyojaribiwa muda mrefu.

Kwa nini washone? Ukipita Gas Street Basin hapa kwetu utaona mashua nyembamba za mfereji, nyingi bodi zake ni za chuma kilichochomelewa. Kwenye maji yaliyotulia zinafaa kabisa. Lakini chombo kigumu kikipigwa na wimbi juu ya mchanga, nguvu yote hukusanyika kwenye viungo vichache, na ndipo kinapopasuka. Mtepe ulikuwa unanesa. Kila mshono ulichukua sehemu ndogo ya mzigo na kuupitisha kwa mwenzake. Tena kamba ikichakaa unaing'oa na kushona upya, wakati msumari hula kutu ndani ya mbao bila wewe kuona. Bei yake ni kwamba maji yaliingia, na mabaharia walikesha wakiyafua. Kila usanifu una gharama zake. Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

KWA NINI HILI LINATUHUSU?

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda. Waliporwa, wakapoteza mashua na nyavu, wakakimbilia Kenya kwa maelfu. Wengi walikaa kambi ya Jomvu, Mombasa, katika miaka hiyo ya 1990. Baadhi wakafika Uingereza kuomba hifadhi.

Hapo utamaduni ukawa mtihani. Mwombaji anaulizwa visiwa, koo, samaki, na zaidi ya yote lugha. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu swali hasa hili: Mbajuni wa kweli anatarajiwa kujua Kibajuni kiasi gani? Lakini fikiria kijana aliyekulia kambini Mombasa. Kiswahili chake kitakuwa cha Mombasa. Je, amekuwa si Mbajuni? Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya waombaji wengine wawili wa Kisomali, ilionya kwamba wachambuzi wa lugha wasitoe maoni juu ya ujuzi wa mtu kuhusu nchi yake ikiwa wenyewe hawajaonyesha utaalamu huo.

Linganisha na Waheiltsuk, wavuvi wa pwani ya magharibi ya Kanada. Mwaka 1996 mahakama kuu ya kule iliusikiliza utamaduni wao ikakubali kwamba wana haki ya kuuza mayai ya samaki wanayovuna juu ya mwani, kama mababu zao. Kule mila ilimpa mtu haki. Huku kwetu mila hutumika kumpima mtu kama anasema kweli.

Sasa sisi tunaingia wapi? Mwanafunzi anayejua Kiswahili hapa Ladywood hachelewi kuombwa akamsaidie mtu kwa wakili. Ombi langu ni matatu. Kwanza, kama Kibajuni kinakupiga chenga, sema mapema, wamtafute mkalimani anayekijua. Pili, usimsahihishe mtu. Akisema "nchu", usimfundishe kusema "mtu" ili aonekane msomi. Unaweza kuwa umemfutia ushahidi wake wa pekee. Tatu, usihukumu kwa lafudhi kwamba "huyu ni wa Mombasa tu". Mtu aliyefukuzwa kwao akiwa mtoto hubeba lugha ya alikokimbilia.

Na wale wenzangu wa uhandisi, mkienda likizo Lamu, ingieni makumbusho mkatazame mfano wa mtepe. Angalieni mishono yake kwa makini. Mhadhara wa viungo vya miundo utawaingia vizuri zaidi.

Naomba kuwasilisha.